Mwali wa Theluji: Somo kwa Mbegu ya Abiesi

Njoo, mwali, keti hapa. Umeshuka leo kutoka kileleni, upepo umekubwaga kiganjani mwangu, bawa lako ni la hudhurungi na jembamba kama ganda la kitunguu, nawe hujui lolote la dunia. Uzito wako haupimiki peke yake: kilo moja ya wenzako ina mbegu zaidi ya laki moja. Mimi ni mtu wa pwani niliyehamia Quebec, sina undugu nawe. Lakini kwetu mwali hafundwi na mama yake mzazi. Hufundwa na somo, mtu wa pembeni anayeweza kumwambia yote bila kuona haya. Basi leo mimi ndiye somo wako, na nitakayokwambia yanakupasa kabla hujachomoza hata mzizi mmoja.

Kwanza jijue wewe ni nani, maana utaitwa kwa majina ya wengine. Kwetu kila mti wenye majani ya sindano ni msonobari, na maneno yameisha. Mipaina iliyojaa Sao Hill kule Mufindi ni misonobari, mti wa Krismasi wa sebuleni ni msonobari, na wapo wanaoukuta mvinje ufukweni wakauita msonobari nao, ingawa mvinje si wa jamii hiyo hata kidogo. Wewe ni abiesi. Hilo ndilo jina la kisayansi la ukoo wenu, ukoo wa aina zipatazo 50 zilizotawanyika nusu ya kaskazini ya dunia. Afrika imo: Algeria na Morocco zina aina zao za abiesi milimani. Aina yako ni abiesi wa balsamu, anayeenea kuanzia Newfoundland mpaka Alberta, na kusini akaingia majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani.

Ukishakua, atakayetaka kuhakikisha kwamba ni wewe akushike mkono. Mpaina hutoa sindano zake kwa mafungu. Ile ya Mufindi huzitoa tatutatu na kuzining'iniza. Mspurusi, jirani yako wa kila siku katika misitu hii, sindano yake ina pembe nne, ukiisokota baina ya vidole inazunguka, na ikidondoka huacha kijiti kikavu kinachokwaruza ngozi. Sindano yako itakuwa bapa, laini, haisokoteki wala haichomi. Upande wa chini ina mistari miwili myeupe, na ikidondoka huacha alama ya duara juu ya tawi, kama iliyopigwa muhuri. Lipo pia jitu refu la pwani ya magharibi ya Marekani, lenye jina la Douglas, linalouzwa kwa jina la ukoo wenu. Si ndugu yenu wa karibu. Msalimie, lakini usikubali kuandikwa naye kwenye daftari moja.

Sasa kumbuka ulikozaliwa. Koni za mspurusi huning'inia kichwa chini. Zenu husimama wima juu ya tawi, zambarau iliyokolea, urefu wa sentimita 5 hadi 10, na utomvu umezitiririkia. Mama yako alizipandisha karibu na kilele, na koni za kiume akaziweka chini yake, ili chavua yake mwenyewe isimwangukie kichwani kirahisi na upepo upate nafasi ya kumletea ya mti mwingine. Chavua ilipepea mwishoni mwa Mei na Juni. Kufikia Septemba koni imekomaa. Koni ya mpaina hudondoka nzima, watoto wakaiokota wakachezea. Ya kwenu haidondoki. Huvunjikia hukohuko juu, gamba baada ya gamba, mbegu zikatawanyika, ikabaki njiti ya katikati imesimama kwenye tawi majira yote ya baridi. Anayekwambia ameokota koni nzima ya abiesi chini ya mti, muulize vizuri. Labda kindi aliwahi kuikata.

Usitamani kwenda mbali. Wengi wenu mnatua kati ya mita 25 na 60 kutoka kwa mama, na hapo panatosha. Kazi yako ni kupata pa kukaa. Kwepa majani makavu ya miti yenye majani mapana: yakirundikana hukauka upesi juu, na yakilowa yakabanwa na theluji humlalia mche mdogo kama godoro lililomwangukia mtoto. Tafuta kuvumwani, lile zulia la kijani lenye unyevu, au gogo lililooza likawa laini kama mkate uliolowa. Hapo jizike, halafu lala. Joto la siku mbili tatu za Oktoba lisikudanganye. Bila majuma kadhaa ya baridi yenye unyevu huwezi kuamka sawasawa. Theluji itakufunika miezi mitano au zaidi. Ikiyeyuka, mwishoni mwa Mei mpaka mwanzo wa Julai, amka, na usikose msimu huo. Mbegu ya mahindi unaweza kuiweka kibuyuni ukaipanda baadaye. Mbegu ya abiesi ni nadra sana kuumaliza mwaka mmoja ardhini ikiwa hai. Ukoo wenu hauweki akiba yake katika mbegu. Huiweka katika miche, na hapo ndipo somo langu linapoanzia hasa.

Mwali huwekwa ndani. Hilo unalijua hata kama hujazaliwa kwetu, maana ndivyo utakavyoishi. Utachipua chini ya wakubwa wako, katika giza la matawi yao, na jua litakufikia kwa vijiduara vinavyohama kila dakika. Miti mingi ikipata mwanga wa namna hiyo hufa katika miaka michache. Betula, yule wa gome jeupe, hawezi. Mpaina hawezi. Wewe unaweza, na uwezo huo ndio mali kubwa kuliko zote ulizorithi. Usikimbilie juu. Ukisukuma kilele wakati hakuna jua utajimaliza. Tandaza matawi ya pembeni, uwe mpana kuliko urefu, kama mwavuli uliofunguliwa karibu na ardhi, ukinge kila chembe ya mwanga inayopita. Mwaka mwingine utaongezeka sentimita chache tu. Usione aibu. Kuna miche katika misitu ya hapa yenye miaka 30 na zaidi ambayo inamfika mtu magotini.

Niliinama mbele ya mmoja wao msimu wa joto uliopita, kaskazini ya jiji la Quebec. Urefu wake ulikuwa wa mtoto anayejifunza kutembea. Nilifukua kuvumwani shinani kwa vidole, taratibu, nikaona kitu kilichonifanya nipige magoti kabisa: shina lilikuwa linaendelea chini, tena chini, likiwa limelala ubavu, na mizizi mipya imetoka pembeni mwake mahali palipokuwa zamani ni shina la juu. Lile zulia la kijani hupanda kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, likimzika mche polepole, naye hujibu kwa kuotesha mizizi juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo anayekata shina usawa wa ardhi na kuhesabu pete humpunguzia umri. Miaka yake ya mwanzo iko chini, imefunikwa. Nilirudishia kuvumwani kama nilivyolikuta, nikashindilia kwa kiganja. Nilihisi nimefungua mlango wa chumba cha watu.

Majira ya baridi mle ndani usiogope. Theluji iliyokufunika ni blanketi: chini yake upepo haukukaushi, na meno ya wanyama hayakufikii. Anayeteseka ni yule aliyechomoza kilele juu ya theluji kabla ya wakati wake.

Mwali hutolewa nje siku ya ngoma, na ngoma yenu huletwa na kiwavi. Ni mdogo, si zaidi ya kipande cha kiberiti kwa urefu, na mama yake ni nondo wa kijivu na kahawia usiyeweza kumkumbuka ukishampa mgongo. Waliompa jina kwa Kiingereza walimtaja mspurusi, lakini chakula akipendacho ni nyinyi. Nondo hutaga Julai juu ya sindano. Kiwavi akianguliwa hali kitu. Hujisokotea kibanda cha nyuzi na kulala mpaka majira ya kuchipua, akaamka machipukizi yenu yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka. Mspurusi mweusi huchelewa kuyafungua yake kwa wiki mbili hivi, na wiki hizo mbili humwokoa. Nyinyi mnafungua mapema, mnaliwa mapema. Mwaka wa kwanza mti hustahimili. Ukiliwa sana miaka minne mitano mfululizo, hufa. Msitu mzima hugeuka rangi ya kutu kana kwamba moto umepita. Karne ya ishirini viwavi hawa walifumuka mara tatu katika mashariki ya Kanada, na mfumuko ulioanza mwaka 2006 katika eneo la Côte-Nord ulienea juu ya mamilioni ya hekta za Quebec.

Najua unayasikia haya kama msiba, na kwa mama yako ni msiba. Kwa mkulima wa misitu ni hasara ya miaka. Lakini tazama chini. Wakubwa wakishakufa wamesimama, jua linaingia kwa mara ya kwanza, na pale sakafuni wapo waliokwishakuwako, maelfu kwa hekta, wenye mizizi, wenye umri, wenye mwavuli uliofunguliwa. Hawangoji mbegu ije. Usiruke siku hiyohiyo. Sindano ulizozoea kivulini zitaumia na mwanga wa ghafla, na itakubidi uoteshe nyingine za jua. Jipe miaka michache. Kisha nenda juu, sentimita 30 kwa mwaka na zaidi, na usitazame nyuma. Miaka hamsini baadaye wewe ndiye utakayekuwa dari, na kiwavi atarudi. Hivyo ndivyo msitu wa abiesi unavyorithishana, na ndiyo maana mtu akiingia humo huona miti mingi iliyolingana kimo akadhani ilipandwa kwa mkono siku moja.

Penye upepo mkali milimani, kazi ya kiwavi hufanywa na upepo wenyewe. Japani kuna mlima uitwao Shimagare, wenye aina zake za abiesi. Ukiutazama kwa mbali una mistari ya kijivu iliyokatiza kijani. Ni miti iliyokufa ukingoni panapopigwa na upepo. Nyuma yake miche inainuka, na mstari wa vifo husogea taratibu, mita chache kwa mwaka, kama wimbi. Aina yako hufanya hivyo hivyo katika milima ya kaskazini-mashariki ya Marekani.

Siwezi kuacha kukusimulia kuhusu dawa iliyomo mwilini mwako. Katikati ya miaka ya 1960 mtaalamu wa wadudu Karel Sláma alitoka Prague akaenda Harvard, kwenye maabara ya Carroll Williams, akiwa na kunguni wekundu ambao kwao Ulaya aliwafuga bila shida. Harvard wakagoma kupevuka. Badala ya kuwa wakubwa walijivua ngozi mara ya ziada, wakawa watoto majitu, wakafa bila kuzaa. Walichunguza kila kitu mpaka wakafika kwenye karatasi za kukaushia zilizotandikwa ndani ya vyombo. Wakajaribu magazeti: karatasi ya New York Times ilizuia kunguni kupevuka, karatasi ya Times ya London haikuwafanya chochote. Karatasi ya Marekani ilikuwa imetengenezwa kwa mbao zenu. Ndani yake mlikuwa na kemikali inayoiga homoni ya utoto ya wadudu, ikatengwa mwaka 1966 na kuitwa juvabioni. Yaani mti unaofundisha watoto wake kungoja unajua pia kumzuia mdudu asikue. Kiwavi wako haimdhuru, na hilo linanisikitisha kila nikilifikiria. Lakini iliwafungua watafiti macho kwamba mdudu anaweza kudhibitiwa kwa homoni zake mwenyewe bila sumu ya kuua kila kitu.

Maadui wengine nitakutajia kwa ufupi. Moto: gome lako ni jembamba, mizizi yako haiendi chini sana, na huna koni za kungojea moto upite kama za baadhi ya mipaina, ukiwaka, umekwisha. Kidukari wa sufu nyeupe aliyeletwa kutoka Ulaya mnamo mwaka 1900: huyo amewaua sana ndugu zako wa milima ya Appalachia kusini, wale wa aina ya Fraser, na katika Mlima Mitchell alikwisha kuonekana mwaka 1957. Na musi, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mkubwa kuliko farasi, mwenye pembe pana kama viganja. Majira ya baridi, majani mengine yakiwa yamedondoka, wewe ndiwe mboga yake. Kisiwani Isle Royale, ndani ya Ziwa Superior, watafiti wamewafuatilia musi na mbwa mwitu tangu mwaka 1958. Mbwa mwitu wakipungua, musi huongezeka, na abiesi wadogo hukatwa vilele kila mwaka wasipate kuinuka. Kufikia 2016 mbwa mwitu walibaki wawili tu. Mwaka 2018 wakaanza kuletwa wengine. Kwa hiyo ukimsikia mbwa mwitu akilia usiku, tulia. Huyo yuko upande wako.

Utomvu utunze. Miti mingine ya jamii yako huuhifadhi ndani ya mbao. Wewe unauweka katika gome, ndani ya malengelenge. Nilipobonyeza moja kwa ukucha, tone lilinirukia mkononi, angavu kama maji, zito kama asali, na harufu yake ilikuwa ya ndimu na ubani pamoja. Sabuni haikuutoa. Nilisugua mafuta ya kupikia ndipo ukaachia, na harufu ikabaki vidoleni mpaka kesho yake. Wenyeji wa ardhi hii, Wainnu, Wakrii na Wamikmaki, waliupaka juu ya majeraha na michubuko tangu enzi na enzi. Ndani ya hema Wainnu na Wakrii hutandika matawi yenu sakafuni, kila tawi likifunika kikonyo cha lililotangulia, yakawa godoro linalonukia na kukinga baridi ya ardhi. Hadi leo wanafanya hivyo wakienda porini.

Kwetu pwani tunaijua sandarusi, iliyokuwa ikisafirishwa Zanzibar kwenda kutengenezwa vanishi. Utomvu wako nao ulisafiri. Ukisafishwa hukauka bila kufanya fuwele, ukabaki angavu, nao hupinda mwanga karibu sawa na kioo. Ukiugundishia vioo viwili, jicho halioni pale vilipoungana. Mwaka 1828 William Nicol wa Edinburgh alikata fuwele ya kalisaiti akaiunganisha tena kwa utomvu huo, akapata kifaa cha kuchuja mwanga ambacho wanajiolojia walikitegemea kusoma miamba. Mpaka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndio uliounganisha lenzi za kamera na darubini. Na slaidi za hadubini: zile za zamani zilizogeuka manjano kingoni katika makabati ya maabara za shule, bawa la nzi au mzizi wa kitunguu uliobanwa kati ya vioo, nyingi zimeshikwa na utomvu wa abiesi wa balsamu. Huenda wapo wanafunzi wa Tanga na Mombasa waliokutazama kabla hawajawahi kuona theluji.

Mbao zako ni nyepesi na laini. Zitaenda kwenye karatasi na kwenye kuta za nyumba, zikiuzwa fungu moja na mspurusi na mpaina. Au utaoteshwa shambani uwe mti wa Krismasi, ukipogolewa kila mwaka kwa miaka minane mpaka kumi na miwili ndipo ufike mita mbili. Ukienda huko, nenda kwa fahari. Sindano zako hazipukutiki upesi, na aliyekununua akikata kipande kipya shinani na kukuwekea maji kila siku, utamnukishia nyumba mwezi mzima. Wakati mwingine zawadi ya mti hubeba deni kubwa. Tarehe 6 Desemba 1917 meli iliyojaa baruti ililipuka bandarini Halifax, watu karibu 2,000 wakafa, na usiku uleule Boston ikatuma treni ya madaktari na dawa. Mwaka uliofuata Nova Scotia ilipeleka Boston mti wa kushukuru, na tangu 1971 hupeleka mmoja kila mwaka. Mara abiesi, mara mspurusi.

Ukibaki msituni usitegemee kuwa mzee sana. Kuoza huanza moyoni na mizizini mapema, na ni wachache kati yenu wanaopita miaka 150. Ukianguka, lala vizuri. Gogo lako likishalainika, mbegu nyingine italitafuta.

Nimemaliza na mwali, sasa nageukia wewe msomaji. Quebec, tangu miaka ya 1990, wakata miti wanatakiwa kupitisha mashine zao kwenye njia maalumu zilizoachana, ili miche iliyokwisha kuota chini isipondwe. Wewe huna mashine. Una miguu tu. Siku ukijaliwa kuingia katika msitu wa abiesi, tembea kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa, na ukikuta kimche kinakufika gotini, kizunguke. Inawezekana kimekuzidi umri.